Miezi Sita Kabla ya Kuulizwa Kazi Yangu

Mimi ni Wandera, wa Kambi Muru, Kibera. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo ukikuta mahali sentensi inachechemea, iache ichechemee, hata mimi nilichechemea miezi mingi. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu mmoja ambaye simjui: yule ambaye homa inamshika, anadungwa sindano ya taifodi, anapata nafuu, halafu kabla mwezi haujaisha amerudi palepale. Hasa kama ni mwanaume, na hasa kama mke wake ameanza kumwangalia kwa jicho la pembeni.

Watu wakiandika mambo ya ugonjwa husema hawana ubaya na mtu. Mimi niko na ubaya na watu wawili na nitawataja. Wa kwanza ni Mzee Karanja wa Kawangware, mwenye ng'ombe. Wa pili ni Simiyu, mwenye duka la dawa karibu na kwetu, anayejiita daktari. Wa tatu ni mimi mwenyewe, lakini mimi nimeshaadhibiwa.

Kazi yangu ilikuwa kukama. Mzee Karanja ni mtu wa Kawangware tangu babu yake. Ana ploti tatu za nyumba za mabati, na nyuma ya ploti ya mwisho ana zizi la ng'ombe wanne. Kila asubuhi nilitoka Kibera kwa miguu, nikakata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe, nikakama, nikaosha zizi, wapangaji wakaja na chupa zao kununua maziwa. Mimi ni mtu wa Busia, nimekua na ng'ombe. Sifa hiyo ndiyo iliyonipa kazi, na ndiyo iliyoniua nusu.

Mvua ndefu zilipoanza, ng'ombe mmoja anayeitwa Malkia alitupa mimba. Siku zake zilikuwa bado. Ndama alitoka amekufa, kondo la nyuma likabaki ndani. Mzee akasema tungoje daktari wa mifugo. Nikamwambia, "Mzee, kwetu kitu kama hiki hakingoji daktari." Nikavua shati, nikapaka mkono sabuni, nikauingiza mpaka begani. Kwenye kiganja nilikuwa nimejikata na panga la nepia jana yake. Hata sikukumbuka. Nilivuta polepole, nikizungumza na Malkia, mpaka likatoka lote.

Daktari wa mifugo alikuja baadaye na glavu za plastiki zinazofika kwapani. Nikamcheka. "Daktari, hizo soksi za mikono ni za nini? Unaogopa ng'ombe?" Wapangaji waliokuwa wakingoja maziwa wakacheka na mimi. Yeye hakucheka. Alimvuta Mzee Karanja kando wakaongea Kikuyu kwa muda. Kikuyu yangu mimi ni ya kununua sukuma tu. Mzee aliporudi akaniambia, "Amesema umefanya kazi mzuri."

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikijisikia mkubwa. Na Mzee akanipa zawadi: kila siku lita moja ya maziwa ya Malkia. Nusu niliinywa palepale zizini, ikiwa na joto la kiwele, povu juu, vile tulivyokunywa tukiwa watoto. Nusu nilipeleka nyumbani, na mke wangu, Mama Faith, akaichemsha kwenye chai. Kumbuka hilo. Yangu mbichi, yao imepita motoni. Hilo ndilo lililomwokoa yeye na binti yetu, na hilohilo ndilo lililonitia mimi kwenye matatizo.

Homa ya kwanza ilinishika mvua zikiwa bado zinanyesha. Haikuwa homa ya kukuangusha mara moja. Asubuhi niko sawa, nakama. Jua likielekea kushuka, baridi inaanza kwenye magoti, inapanda mgongoni, halafu jasho. Jasho lenyewe lilikuwa na harufu ya nyasi zilizooza, hata Faith alisema. Nikaenda kwa Simiyu. Akanitoa damu kidoleni, akaingia nyuma ya pazia, akatoka. "Taifodi. Na kidogo ya malaria." Siku tano za sindano. Siku ya sita nilikuwa mzima, nikamsifu Simiyu kwa kila mtu.

Baada ya wiki mbili nikarudi. Taifodi. Mwezi wa sita nikarudi. Taifodi imepanda, akasema, imekuwa sugu. Kambi Muru kila mtu ameshawahi kuwa na taifodi ya Simiyu. Ni kama kitambulisho. Huwezi kubisha, kwa sababu ukidungwa unapata nafuu kweli. Nafuu ndiyo iliyonidanganya. Kama ningekuwa sipati nafuu kabisa, ningetafuta mtu mwingine mapema.

Mama Faith ndiye aliyeanza kuuliza. "Taifodi ni ya maji na chakula. Tunakula sufuria moja, tunakunywa mtungi mmoja. Mbona ni wewe tu?"



Baridi ya Julai ilipofika, mwili ukanigeuka. Nilikuwa nimekonda mpaka mshipi nikautoboa tundu jipya kwa msumari. Halafu asubuhi moja nikaamka na korodani moja imevimba kama embe. Hilo neno, korodani, nilijifunza hospitali. Wakati ule sikuwa na neno, nilikuwa na maumivu tu, na aibu. Kutembea ilikuwa ni kutanua miguu kama mtoto aliyejikojolea. Kutoka Kibera hadi Kawangware nilipumzika mara nne.

Kwa Simiyu kuna benchi nje, kwenye baraza, watu wanangojea hapo. Nilimwambia kwa sauti ya chini. Yeye akanijibu kwa sauti ya juu.

"Wandera, umetembea na nani?"

"Sijatembea na mtu."

"Kila mtu husema hivyo. Hiki ni kisonono, mzee, na kimekomaa. Hata mama aje adungwe, ama utapona leo akurudishie kesho."

Benchi zima lilisikia. Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliangalia viatu vyake, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Kabla sijafika mlangoni kwangu, habari zilikuwa zimefika Soko la Toi, mahali Mama Faith anauza makoti ya mitumba. Alifunga kibanda mapema, akapitia kwa Simiyu, akadungwa. Simiyu akamwambia amshukuru Mungu amewahi.

Alipoingia nyumbani hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye stuli, mkono ukiwa pale alipodungwa.

"Nimedungwa kwa dhambi ambayo sikufanya," akasema. "Ni nani?"

"Hakuna mtu, Mama Faith."

"Ni wale wapangaji wa Kawangware? Wale wa kukujia na chupa za maziwa?"

"Naapa kwa kaburi ya mama yangu."

"Muache mama yako alale, Wandera."

Aliniita Wandera. Miaka kumi na saba nimekuwa Baba Faith, hata tukikosana. Tangu siku hiyo nikawa Wandera, kama fundi aliyekuja kurekebisha mlango. Alihamia kitanda cha Faith upande wa pili wa pazia. Chakula aliniwekea, nguo zangu hakufua. Nilifua mwenyewe nikiwa nimesimama, kwa sababu kuchuchumaa sikuweza.

Dawa ya kisonono haikusaidia. Mwezi wa nane mgongo ukaingia, chini, pale kwenye kiuno. Mwezi wa tisa nilikuwa nakama nikiegemea ng'ombe. Mzee Karanja aliniangalia wiki mbili hivyo, halafu akaleta kijana mwingine. "Pumzika kidogo," akasema. Hakuniuliza ninaumwa wapi. Sasa najua kwa nini hakuuliza.

Oktoba, Mama Faith alisimama mbele yangu na koti lake amevaa tayari. "Nenda hospitali ya serikali wakupime ile kubwa, ya ukimwi. Mimi nimepimwa, niko sawa. Yako nataka kuona na macho yangu. Ikiwa ni vile ninafikiri, mimi na Faith tunarudi kwetu."

Kwa hivyo nilienda hospitali si kutafuta uzima. Nilienda kutafuta mke wangu.

Benchi ya hospitali ndiyo iliyonifunza subira, kwa sababu benchi hiyo husogea. Mtu mmoja akiitwa, watu wote wanajivuta hatua moja, na kwangu kila kujivuta kulikuwa ni kisu. Kuna mama mzee alikuwa nyuma yangu, alikuwa amekuja kutibiwa macho. Aliniangalia ninavyokalia upande mmoja. Alivua leso yake, akaikunja mara nne, akaniwekea chini. Kila tulipojivuta, alivuta leso kwanza, halafu mimi. Jina lake silijui. Katika miezi ile yote, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyeona maumivu kabla ya kuona dhambi.

Majibu ya ile kubwa yalikuwa sawa, sina. Nilitaka kuchukua karatasi nikimbie nayo nyumbani. Lakini daktari aliyekuwa ndani, msichana mmoja jina lake Chebet, alisema, "Keti kwanza." Akasoma kadi ya Simiyu, taifodi, taifodi, taifodi, kisonono. Akaiweka chini.

"Baba, unafanya kazi gani?"

Nilifikiri anauliza kama nitaweza kulipa. Nikamwambia nilikuwa nakama ng'ombe.

"Kuna ng'ombe aliyetupa mimba?"

Nikamwangalia mikono. Hakuwa mganga, alikuwa ameshika kalamu tu. Nikamwambia kuhusu Malkia, mkono, panga, na maziwa yenye povu. Nilipofika kwenye glavu za daktari wa mifugo na vile nilivyomcheka, niliongea polepole zaidi. Aliandika, akanituma maabara na damu ya chupa nzima, si ya kidole. Akasema nirudi baada ya siku chache, na nije na mke wangu.

Ugonjwa unaitwa brusela. Jina hilo sikuwa nimewahi kulisikia, na nimeishi na ng'ombe tangu utotoni.

Mama Faith alikuja. Aliketi na mkoba mapajani kama mtu wa kortini. "Nataka kuuliza," akasema. "Mbona yeye peke yake?"

"Kwa sababu yeye alikunywa maziwa mabichi na akaingiza mkono wenye kidonda. Wewe ulichemsha. Wewe na mtoto nitawapima pia, lakini moto wako umewasaidia."

"Na mbona anadungwa, anapona, halafu anaumwa tena?"

Chebet aligeuza kiti akamwangalia yeye, si mimi. "Mama, damu ina askari. Mdudu akiingia, askari anammeza na kumsaga. Huyu mdudu wa brusela ana koti. Ngozi yake ya nje imetengenezwa na mafuta na sukari, ni laini, na askari akiigusa hashtuki vile anafaa kushtuka. Anammeza, lakini hamsagi. Mdudu anakaa humo ndani ya askari, anazaa humo, na askari anamtembeza mwili mzima. Ndiyo maana leo ni magoti, kesho ni mgongo, kesho kutwa ni huko chini. Kuna wengine wa ukoo wake ambao wamekosa hilo koti, na hao hawafiki mbali, wanasagwa. Sasa sindano za siku tano zinaua wale wako nje. Wa ndani wanangoja tu."

Nilijua Mama Faith anafikiri, kwa sababu alikuwa anasugua kitambaa cha mkoba kwa kidole gumba, vile anavyopima koti kama ni sufi.

"Ni kama Kanyeria," akasema.

"Kanyeria ni nani?"

"Mtu alinunua koti kwangu kule Toi. Jeusi, refu, la kiaskari. Akalivaa, akaingia kwa walinzi wa soko wakadhani ni mwenzao ameletwa. Wiki tatu anakaa kwa kibanda chao, wanamkorogea chai, na vibanda vyetu vinafunguliwa. Sisi tunatafuta mwizi nje ya ukuta. Kila tukishika kijana wa nje, wizi unatulia siku mbili, halafu unarudi."

"Na mlimtoaje?"

"Si kwa siku tano."

Chebet alicheka mpaka akavua miwani. "Basi huyu naye ni wiki sita. Dawa za aina mbili pamoja kila siku, na sindano wiki ya kwanza. Akipata nafuu asiache. Nafuu ndiyo hatari."

Tulipotoka nje nikamwambia, "Umesikia sasa."

"Nimesikia," akasema. "Kuamini ni kitu kingine. Chukua dawa zako, Wandera."

Wiki sita nilizigawanya hivi. Wiki ya kwanza ni ya makalio, sindano kila siku, kulia, kushoto, kulia. Ya pili ni ya tumbo, kwa sababu vidonge vinachoma kama umekosa kula, na nilikatazwa kabisa kuvishusha na maziwa. Mimi, mtu wa maziwa. Pia mkojo uligeuka rangi ya machungwa. Choo chetu ni cha ploti nzima, na jirani yangu aliona. "Wandera, siku hizi unatengeneza soda?" akaniuliza mbele ya watu. Nikamwambia alete chupa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Julai, na nilisikia upande wa pili wa pazia mtu mwingine akizuia kicheko.

Wiki ya tatu jasho likaisha. Uvimbe ukashuka. Nilifika bomba la maji na kurudi bila kusimama. Na hapo, nakwambia ukweli, niliweka vidonge juu ya kabati nikasema vimetosha. Nilikuwa nimesahau kila kitu. Mtu mwenye nafuu hana masikio.

Jioni Mama Faith alirudi kutoka Toi, akaona karatasi ya dawa imebaki kama ilivyokuwa asubuhi. Aliishusha, akaja nayo pamoja na kikombe cha maji, akasimama mbele yangu.

"Kanyeria bado yuko kwa kibanda," akasema.

Nikameza. Kutoka siku hiyo alinisimamia kila jioni mpaka nimeze, na asubuhi kabla ya kwenda soko pia. Hakuniita Baba Faith. Lakini siku moja nilikuta shati langu limefuliwa.

Wiki ya tano nilikuwa na nguvu za kwenda Kawangware. Nilimkuta Mzee Karanja zizini, ng'ombe watatu.

"Malkia yuko wapi?"

"Niliuza."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Mzee, yule daktari wa mifugo alikwambia nini siku ile, kando?"

Akaangalia juu ya mabati kama anatafuta mvua. "Alisema apimwe. Ilikuwa mara ya pili kutupa. Wandera, ningekuambia, ungeshika ng'ombe wengine?"

"Ningevaa soksi za mikono."

"Si wewe ulisema kwenu hamuogopi?"

Hapo alinipata, na yeye anajua alinipata. Nilisema hivyo. Lakini mimi nilikuwa mjinga, na yeye alikuwa anajua. Hayo ni makosa mawili tofauti, na Mungu ana madaftari mawili. Ng'ombe mwenye ugonjwa alimuuzia mtu mwingine bila kusema, na huko aliko kuna Wandera mwingine anamkama sasa hivi. Hilo simsamehei.

Nilipotoka sikuenda moja kwa moja nyumbani. Nilipita mlango kwa mlango kwenye ploti zake zote tatu, nikiwaambia wapangaji wachemshe maziwa mpaka yapande, wayashushe, wayarudishe yapande tena, na yeyote mwenye homa ya kwenda na kurudi aende hospitali ya serikali aseme neno brusela. Mzee alisimama langoni akiniangalia. Hakuthubutu kunifukuza. Kwa mtu wa darasa la sita, siku hiyo nilifundisha ploti tatu.

Mgongo wangu haujarudi wote, na asubuhi za baridi naujua. Korodani ile moja imesinyaa, imekuwa kama kunde. Naandika hata hilo, kwa sababu kuna mtu anasoma hapa ana yake imevimba na anafikiri atakufa nayo. Hutakufa. Maliza dawa.

Mvua fupi zilikuwa bado zinanyesha tulipoenda kuchukua majibu ya mwisho, mimi na Mama Faith. Chebet alisoma, akaitikia kwa kichwa, akatukabidhi karatasi. Tukarudi. Lakini badala ya kupinda kwetu, Mama Faith akanyoosha kwa Simiyu. Nikamfuata. Benchi ya baraza ilikuwa imejaa. Muuza omena alikuwepo. Mwisho wa benchi alikaa mwanaume mmoja wa gambuti nyeupe, viatu vya mpira vya wachinjaji wa ng'ombe, mikono amejikumbatia, anatetemeka.

"Simiyu," Mama Faith akasema. Si daktari. Simiyu tu. "Nimekuja kuulizia sindano yangu ya Julai. Ilikuwa ya ugonjwa gani?"

"Mama, hayo ni mambo ya siri ya mgonjwa. Ingia ndani tuongee."

"Mume wangu hukumwambia aingie ndani."

Aliweka karatasi juu ya kaunta, akaigeuza imwelekee. "Soma. Na usome kwa sauti, kwa sababu mimi nililetewa habari kwa sauti."

Simiyu alisoma kwa macho, midomo ikisogea. Muuza omena ndiye aliyeuliza, "Imesema ni ya wanawake?"

"Ni ya ng'ombe," Mama Faith akasema, na akageukia benchi. "Mume wangu alimtoa ng'ombe kwenye shida, kwa mkono wake, akaambukizwa. Miezi sita anadungwa hapa, hakuna mtu alimuuliza hata kazi anayofanya. Mimi mwenyewe sikumuuliza."

Hilo la mwisho alilisema akiangalia chini. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, miguu pamoja, wima.

Yule wa gambuti aliinuka polepole, akishikilia kiuno ninavyojua mimi. "Mama, hiyo hospitali iko upande gani?"

Mama Faith alikunja karatasi, akaitia mkobani.

"Baba Faith," akasema, "mpeleke huyu."

Nikampeleka.